Uwakili, Udiwani au Ofisi ya Mwanasiasa: Njia Tatu za Kufikia Bunge la Jimbo Nchini Marekani

Mabunge ya majimbo 50 ya Marekani yana viti 7,386 kwa jumla, na sharti la kuwa raia wa kuzaliwa, ambalo humbana anayetaka urais, halimgusi anayetaka kiti katika mabunge hayo. Ndiyo maana Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, aliweza kuchaguliwa Novemba 2024 kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota, na Deqa Dhalac, aliyezaliwa Mogadishu, akachaguliwa mwaka 2022 kuingia bunge la Maine. Kwa wasemaji wa Kiswahili waliokwisha kupata uraia wa Marekani, na zaidi kwa watoto wao waliosomea huko, swali linaloulizwa sasa ni la njia: je, mtu aanze kwa kusomea sheria, aanze kwa udiwani au bodi ya shule, au aombe kazi katika ofisi ya mwanasiasa na kujifunza akiwa ndani?

Makala haya yanazilinganisha njia hizo tatu kwa vigezo vilevile. Neno jimbo hapa ni Texas, Maine na mengineyo ya aina hiyo. Eneo ambalo mbunge mmoja hulichukulia kura litaitwa wilaya ya uchaguzi.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni riziki, nacho nimekitanguliza kwa makusudi kwa kuwa wengi hukifikiria mwisho. Mbunge wa New York hulipwa dola 142,000 kwa mwaka tangu 2023, na wa California hulipwa zaidi ya dola 120,000, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuishi kwa kazi hiyo peke yake. Mbunge wa Texas hulipwa dola 600 kwa mwezi pamoja na posho ya siku za vikao, na bunge lake hukutana kwa kikao cha kawaida cha siku zisizozidi 140 katika miaka isiyogawanyika kwa mbili. New Hampshire imeshikilia malipo ya dola 200 kwa muhula wa miaka miwili tangu 1889. Minnesota iko katikati, ikiwa na mshahara wa dola 51,750 uliowekwa mwaka 2023. Katika majimbo mengi, basi, kazi uliyonayo kabla ya kuchaguliwa ndiyo itakayoendelea kukulisha baada ya kuchaguliwa, na kazi isiyokuruhusu kuondoka kuanzia Januari hadi Mei itakuletea taabu hata ukishinda.

Kigezo cha pili ni kujulikana na wapiga kura, na hapa ukubwa wa wilaya ya uchaguzi hubadili kila kitu. Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina watu 400, hivyo kila mmoja anawakilisha wakazi wapatao 3,400, idadi ambayo mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuizungukia nyumba kwa nyumba. Seneti ya Texas ina watu 31 tu, na kila mmoja anawakilisha wakazi wapatao 940,000, wengi kuliko wanaowakilishwa na mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi la taifa kule Washington.

Kigezo cha tatu ni ujuzi wa kazi yenyewe, yaani kusoma na kuandika miswada, kuelewa bajeti, na kujua jinsi kamati inavyoweza kuupitisha muswada au kuufisha kimyakimya. Cha nne ni vikwazo: sheria zinazokuzuia kugombea, migongano ya maslahi, na madeni ya shukrani unayoyabeba kutoka kule ulikopitia.

Njia ya uwakili

Hii ndiyo njia inayodhaniwa kuwa ya kawaida, ingawa imepungua sana. Mwaka 1976 wanasheria walikuwa zaidi ya mmoja kati ya wabunge watano wa majimbo. Kufikia 2015 walikuwa takriban asilimia 14. Hata hivyo, mifano inayokumbukwa zaidi inatoka huku. Barack Obama alikuwa mratibu wa shughuli za jamii Chicago kuanzia 1985, akaenda kusomea sheria Harvard, akarudi kufanya kazi katika kampuni ya mawakili wa haki za kiraia na kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akachaguliwa kuingia Seneti ya Illinois mwaka 1996.

Kuhusu riziki, uwakili una faida kubwa kwa sababu unaweza kupunguzwa na kuongezwa kulingana na ratiba ya bunge. Obama aliendelea kufundisha hadi 2004, muda wote alipokuwa seneta wa jimbo. Gharama iko mwanzoni: miaka minne ya shahada ya kwanza, mitatu ya shule ya sheria, na kwa wengi mkopo utakaolipwa kwa miaka mingi. Aliyesomea sheria Nairobi au Dar es Salaam si lazima aanze upya, kwa kuwa New York, kwa mfano, huwaruhusu baadhi ya wahitimu wa nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza kuufanya mtihani wa uwakili, wengine wakitakiwa kuongeza shahada ya uzamili kwanza. California, Vermont, Virginia na Washington bado zinamruhusu mtu ajifunze chini ya wakili au jaji bila kupitia shule ya sheria, ingawa wanaofaulu kwa njia hiyo ni wachache.

Kuhusu kujulikana, cheti cha sheria hakimtambulishi mtu kwa mpiga kura yeyote. Barbara Jordan alihitimu sheria Boston mwaka 1959, akarudi Houston, akagombea Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1962 na tena 1964, na mara zote mbili akashindwa, kwa sababu wagombea walipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris na wapiga kura Weusi walimezwa na wingi wa wengine. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua mwaka 1964 kwamba wilaya za uchaguzi za majimbo ziwe na idadi ya watu inayolingana, mipaka ilichorwa upya, na mwaka 1966 Jordan akaingia Seneti ya Texas. Elimu yake haikuongezeka kati ya 1964 na 1966. Kilichobadilika ni ramani. Anayepanga kutumia miaka saba shuleni kwa ajili ya kiti fulani afahamu kwamba ramani huchorwa upya kila baada ya sensa ya miaka kumi, na kiti anachokilenga huenda kisiwepo kwa sura hiyo atakapohitimu.

Kwenye ujuzi, njia hii ina nguvu, ila si kwa namna inayodhaniwa. Shule ya sheria hufundisha zaidi kusoma hukumu kuliko kutunga sheria. Faida yake huonekana kwenye kanuni: katika mchujo wa 1996 timu ya Obama ilipinga saini za uteuzi za wapinzani wake, zikiwemo za Alice Palmer aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, wakaondolewa wote kwenye karatasi ya kura na yeye akabaki peke yake. Wapo wanaouona ujanja huo kuwa halali na wapo wanaouona kuwa ukavu wa macho. Kwa vyovyote vile, anayekusanya saini bila kuzihakiki anajiweka mikononi mwa wakili wa mpinzani wake.

Vikwazo vikuu ni wateja. Wakili anayeitetea kampuni fulani asubuhi na kuipigia kura jioni ana mgongano wa maslahi ambao magazeti hayatauacha. Kuna pia umbali wa kijamii: mwaka 2000 Obama aligombea ubunge wa taifa dhidi ya Bobby Rush, na hoja iliyotumiwa dhidi yake mitaani ilikuwa kwamba yeye ni msomi wa Harvard asiye wa pale. Rush alishinda kwa tofauti kubwa.

Njia hii inamfaa mwenye umri mdogo, anayeipenda sheria kwa ajili yake yenyewe, na ambaye hatajutia uwakili iwapo siasa haitafika popote. Abraham Lincoln alikwenda kinyume chake: aliingia bunge la Illinois mwaka 1834 akiwa mpima ardhi na msimamizi wa posta, akahimizwa kusoma sheria na mbunge mwenzake John Todd Stuart aliyemwazima vitabu, na leseni ya uwakili akaipata mwaka 1836. Kiti kilitangulia, taaluma ikafuata.

Njia ya udiwani na bodi ya shule

Tukirudi kwa Deqa Dhalac, yeye alikuwa mtumishi wa ustawi wa jamii. Mwaka 2018 alichaguliwa diwani wa South Portland, mji wa wakazi wapatao 26,000. Mwishoni mwa 2021 madiwani wenzake walimchagua kuwa meya, kwa kuwa huko meya huchaguliwa na baraza lenyewe, na mwaka 2022 akaingia bunge la jimbo. Ukitazama hesabu utaona kwa nini njia hiyo ilikuwa fupi: Baraza la Wawakilishi la Maine lina wajumbe 151 wanaogawana wakazi milioni 1.36, yaani takriban 9,000 kwa kila mmoja, hivyo diwani aliyechaguliwa na mji mzima tayari amekwisha kuonekana mbele ya watu wengi kuliko watakaompigia kura ya ubunge.

Riziki ndiyo udhaifu wa njia hii. Wajumbe wa bodi za shule katika miji mingi hawalipwi au hulipwa posho ndogo, na madiwani wa miji midogo vivyo hivyo. Lazima uwe na kazi nyingine, au biashara ambayo mtu mwingine anaweza kuishika usipokuwepo. Jimmy Carter, aliyekuja kuwa rais, alikuwa nayo. Baada ya baba yake kufariki mwaka 1953 aliacha jeshi la majini na kurudi Plains, Georgia, kuendesha shamba na ghala la karanga, akaingia bodi ya elimu ya kaunti ya Sumter, kisha mwaka 1962 akagombea Seneti ya Georgia. Baba yake mwenyewe alikuwa mbunge wa jimbo alipofariki, jambo ambalo wasimulizi wa hadithi ya mkulima wa karanga mara nyingi hulipita haraka.

Kwa kujulikana, hakuna njia inayoishinda hii, kwa sababu ni njia pekee kati ya hizi tatu ambayo wapiga kura wamekwisha kuandika jina lako kwenye rekodi yao. Lakini kujulikana kuna pande mbili. Carter alishabikia mpango wa kuziunganisha shule za kaunti na za mji, wapiga kura wakaukataa, na akaingia kinyang'anyiro cha Seneti akiwa na kushindwa huko mgongoni. Katika mchujo huo alikutana na jambo baya zaidi: katika kaunti ya Quitman kulikuwa na wizi wa wazi wa kura, na watu waliokwisha kufa wakahesabiwa kuwa wamepiga. Alipinga matokeo mahakamani na ndani ya chama, akashinda, akaapishwa Januari 1963. Uzoefu wa bodi ya shule haukumwandaa kwa hilo, ila watu waliokwisha kumfahamu walikubali kusimama kutoa ushahidi.

Ujuzi unaopatikana hapa ni wa bajeti na wa kusikiliza watu wenye hasira, na wote ni ujuzi wa kweli. Shule za Marekani hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka serikali ya jimbo, hivyo mjumbe wa bodi aliyesoma bajeti yake kwa makini anajua tayari ni kifungu kipi cha sheria ya jimbo kinachombana. Asichojua ni mwendo wa bunge lenye mabaraza mawili na vyama viwili, kwa kuwa mabaraza mengi ya miji na bodi nyingi za shule huchaguliwa bila vyama.

Kutokuwa na vyama kunageuka faida kubwa tukifika kwenye vikwazo. Sheria ya taifa iitwayo Hatch, ya mwaka 1939, inamkataza mtumishi wa serikali kuu kugombea katika uchaguzi wa vyama. Inawagusa wafanyakazi wa posta, wauguzi wa hospitali za maveterani, na wengine wengi ambao jamii yetu inao kwa wingi. Mtu wa aina hiyo akitaka ubunge wa jimbo lazima aache kazi kabla ya kugombea, isipokuwa Nebraska, ambako bunge lina baraza moja na wagombea hawatambulishwi kwa vyama. Udiwani au bodi ya shule isiyo ya vyama, kwa upande wake, anaruhusiwa. Kwa watumishi wa majimbo na serikali za mitaa, marekebisho ya 2012 yaliacha katazo hilo kwa wale tu ambao mshahara wao wote unatoka kwenye fedha za serikali kuu.

Njia hii inamfaa aliyekaa mahali pamoja kwa muda mrefu, ambaye watoto wake wanasoma pale, na ambaye hachoki na mikutano ya saa tatu usiku kuhusu mabasi ya shule. Haimfai anayehamahama kwa kutafuta kazi. Masharti ya ukaazi ni ya kweli: Illinois inadai mgombea wa ubunge awe ameishi miaka miwili katika wilaya yake ya uchaguzi, na Minnesota inadai mwaka mmoja katika jimbo na miezi sita katika wilaya.

Njia ya ofisi ya mwanasiasa

Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia, aliishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya kabla ya kufika Marekani mwaka 1995. Alifanya kazi ya kuelimisha jamii kuhusu lishe, akasimamia kampeni ya Kari Dziedzic ya Seneti ya Minnesota mwaka 2012 na ya Andrew Johnson ya udiwani wa Minneapolis mwaka 2013, kisha akawa msaidizi mkuu wa sera wa Johnson hadi 2015. Mwaka uliofuata alimshinda katika mchujo Phyllis Kahn, aliyekuwa ameshikilia kiti cha Baraza la Wawakilishi la Minnesota tangu uchaguzi wa 1972.

Mshahara wa msaidizi si mkubwa, ila ni mshahara wa kila mwezi, na hauhitaji miaka saba ya masomo. Shida yake ni kwamba hukoma siku bosi anaposhindwa, na kwa kawaida hukoma pia unapoamua kugombea mwenyewe, kwa kuwa saa za ofisi, simu yake na orodha zake haviruhusiwi kutumika kwa kampeni yako.

Kujulikana ndiko dhaifu zaidi kwa mpiga kura wa kawaida. Kuna namna nyingine ya kujulikana, hata hivyo: kujulikana na wanaojua kuhesabu kura. Minnesota ina mikutano ya matawi ya chama ambako wajumbe huchaguliwa na hatimaye mgombea hupata kuidhinishwa, na aliyesimamia kampeni anajua nani hufika kwenye mikutano hiyo hata theluji inapoanguka.

Ujuzi wa kazi hapa ni wa juu kuliko kwenye njia nyingine zote mbili, hasa ukiwa msaidizi ndani ya bunge lenyewe, maana unaona muswada ukiandikwa, ukikatwa na kufufuliwa. Kikwazo ni jina la mtu uliyemtumikia. Maadui zake huwa wako, na wafuasi wake hudhani wewe ni sauti yake.

Kiti hichohicho kinatoa ulinganisho mzuri usiopatikana mara kwa mara. Mohamud Noor, aliyewahi kuwa mjumbe wa bodi ya shule za Minneapolis, alishindwa na Kahn mwaka 2014, akashindwa na Omar katika mchujo wa 2016, kisha akakipata kiti mwaka 2018 Omar alipokwenda Bunge la taifa. Njia mbili tofauti, kiti kimoja, na miaka miwili kati yao.

Namna ya kuchagua kulingana na hali

Ikiwa una kadi ya kijani na uraia bado, udiwani na bodi ya shule umefungiwa karibu kote, na usithubutu kujiandikisha kupiga kura kwa kuwa hatua hiyo inaweza kukunyima uraia kabisa. Unaweza kusomea sheria, kufanya kazi ya kampeni, na hata kumchangia mgombea fedha. Ndugu walioko Mombasa, Bukavu au Mwanza wasio raia wala wakaazi wa kudumu hawaruhusiwi kuchangia hata senti moja, katika uchaguzi wa ngazi yoyote. Harambee ya kundi la WhatsApp lenye watu wa nchi tatu ni hatari ya kisheria, na mweka hazina wa kampeni alijue hilo tangu siku ya kwanza.

Ikiwa wewe ni Mtanzania unayefikiria kuchukua uraia wa Marekani kwa ajili hii, piga hesabu ya nchi mbili, kwa kuwa Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010 na Tanzania haijauruhusu.

Ikiwa ni muuguzi wa zamu au dereva wa lori mwenye familia ya kulisha, anza kwa kuuliza bunge la jimbo lako hulipa nini na hukutana lini. Katika New Hampshire au Texas, bila akiba au mwenza mwenye kipato, njia yoyote kati ya hizi itaishia kwenye kiti usichoweza kukikalia. Bodi ya shule inayokutana jioni inakufaa zaidi kwa sasa, na baadhi ya watu huridhika nayo.

Ikiwa una miaka ishirini na kitu na huna mizizi mahali popote, ofisi ya mwanasiasa itakuonyesha kwa mwaka mmoja iwapo kazi hii unaipenda, kabla hujakopa fedha za shule ya sheria. Ikiwa umeishi mtaa mmoja miaka kumi na tano na kila mtu kanisani, msikitini na kwenye uwanja wa mpira anakufahamu, usiende kuwa msaidizi wa mtu. Rekodi ya udiwani itakufaa zaidi. Na ikiwa wilaya yako ni kubwa kama zile za Seneti ya Texas au California, kujulikana kwa mtaa hakutoshi, na mwenye uwakili wenye mtandao wa wachangiaji au aliyekwisha kusimamia kampeni kubwa ana nafasi nzuri kuliko diwani wa mji mdogo.

Kwa njia yoyote, fomu zina msimu wake. Texas hupokea majina kati ya Novemba na Desemba kwa ajili ya mchujo wa Machi. Minnesota hupokea mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni kwa mchujo wa Agosti, ila mikutano ya matawi hufanyika Februari, na asiyewapeleka watu wake huko Februari mara nyingi hukuta chama kimekwisha kumwidhinisha mwingine.